Mika 6: Mungu aliuliza "nimewakosea nini?", wao wakauliza bei

#1 MtuWaShamba (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mika 6:8 inajulikana hata na wasiofungua Biblia mwaka mzima: kutenda haki, kupenda rehema, kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako. Ipo kwenye kalenda, kwenye fulana za kwaya, kwenye kuta za ofisi za mapadre na wachungaji. Sina ugomvi nayo. Ila huo ni mstari wa nane wa kesi, na wengi wetu tunaingia mahakamani shauri limeshafika ukingoni, tunaondoka na hukumu bila kujua nani alikuwa anamdai nani. Leo naomba tukae kwenye mstari wa tatu.

Nasimulia kwa maneno yangu. Mwenye Biblia afungue pembeni anikague.

Sura inaanza na wito. Milima inaitwa isikilize, vilima na misingi ya dunia navyo vinaitwa, kwa sababu Bwana ana shauri na watu wake. Kwa watu wa zama zile hilo lilikuwa na uzito wa kisheria. Mikataba ya wafalme wa Wahiti, iliyofukuliwa huko Hattusa katika Uturuki ya leo, huorodhesha milima, mito, mbingu na nchi kuwa mashahidi wa kiapo kati ya mfalme mkubwa na mfalme mdogo. Mlima haufi, hauhongwi, na siku ya kuapa ulikuwepo. Kwa hiyo msikilizaji wa Mika akisikia milima imeitwa, tumbo linamcheza: agano limevunjwa, sasa tunasomewa mashtaka.

Halafu mashtaka hayasomwi. Mwenye shauri anafungua kinywa na kinachotoka ni hiki: watu wangu, nimewafanya nini? Nimewachosha kwa lipi? Nijibuni.

Tulieni hapo kidogo. Huyu ndiye aliyeachwa, ndiye mwenye haki ya kudai. Lakini anaanza kwa kupanda kizimbani yeye mwenyewe na kuwapa wengine nafasi ya kumshtaki mbele ya milima: kama kuna kosa langu, litajeni. Na anawaita "watu wangu" mara mbili, mstari wa 3 na wa 5. Hosea, nabii wa zama hizohizo kwa upande wa kaskazini (ufalme wa Israeli; Mika alikuwa wa Yuda, kusini), alikuwa ameambiwa ampe mwanawe jina Lo-ami, yaani "si watu wangu". Mika hapa hajafika huko.

Mika mwenyewe hakuwa mtu wa ikulu. Alitoka Moreshethi, kwenye vilima vya chini kusini-magharibi mwa Yerusalemu, jirani na mji wenye ngome wa Lakishi. Alihubiri zama za Yothamu, Ahazi na Hezekia. Samaria, mji mkuu wa kaskazini, ilianguka mikononi mwa Waashuru mwaka 722 KK. Mwaka 701 KK Senakeribu akashuka Yuda, na katika maandishi yake anajisifu kuwa aliteka miji 46 yenye kuta na kumfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Lakishi ulitekwa, na picha za mawe za kuanguka kwake zilipamba kasri la Ninawi. Sasa zimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Wale wanaoonekana pale wakitolewa mjini na mizigo na watoto kwenye mikokoteni ni majirani wa Mika.

Lakini kabla Mwashuru hajafika, watu wa vijijini walikuwa wanaliwa na ndugu zao. Sura ya 2, matajiri wanapanga njama vitandani na kukicha wananyakua mashamba. Sura ya 3, viongozi wanahukumu kwa rushwa, makuhani wanafundisha kwa ujira, manabii wanabashiri kwa fedha, na wote kwa pamoja wanasema: Bwana si yuko kati yetu? Hatutapatwa na baya. Basi Mungu anapouliza "nimewafanya nini", anawauliza watu ambao ibada yao inakwenda vizuri kabisa. Hawajamfukuza hekaluni. Wanamtaja kila siku.

Baada ya swali anawakumbusha, na orodha yake ni fupi. Niliwatoa Misri, nyumba ya utumwa. Niliwatangulizia Musa, Haruni na Miriamu (ni mahali pekee katika vitabu vya manabii ambapo Miriamu anatajwa, sijui kwa nini wahubiri wanampita). Kumbukeni Balaki mfalme wa Moabu alichopanga, na Balaamu mwana wa Beori alichomjibu. Kumbukeni kutoka Shitimu mpaka Gilgali.

Kwangu mimi uchungu wote umejificha katika hayo mawili ya mwisho. Someni Hesabu 22 hadi 24. Waisraeli wamepiga kambi kwenye nchi tambarare za Moabu, wanapika, wanalala, wanagombana. Juu vilimani mfalme amemkodi mtu maarufu kwa laana, anamzungusha sehemu tatu tofauti, kila sehemu madhabahu saba, ng'ombe dume saba, kondoo dume saba. Na kila Balaamu akifungua kinywa alaani, inatoka baraka. Ndani ya sura hizo tatu hakuna mstari unaoonyesha kwamba watu wa bondeni walijua kinachoendelea juu yao. Walitetewa wakiwa usingizini.

Geuzeni ukurasa. Hesabu 25 inaanza: Israeli akakaa Shitimu. Hapo Shitimu watu wakaingia kwa binti za Moabu, wakala sadaka za miungu yao, wakajiambatanisha na Baali wa Peori, wakafa 24,000. Sasa rudini kwa Mika. Mungu anasema "kutoka Shitimu mpaka Gilgali". Anaitaja Shitimu, hasemi kilichotokea pale, anavuka mpaka ng'ambo ya Yordani ambako Yoshua alisimamisha mawe 12 kama ukumbusho. Kila aliyekuwepo alijua Shitimu ni nini. Aliyesalitiwa amepita karibu kabisa na kidonda na hajakigusa.

Sasa angalieni jibu, mstari wa 6 na 7. Nije mbele za Bwana na nini? Na sadaka za kuteketezwa? Ndama wa mwaka mmoja? Atapendezwa na maelfu ya kondoo dume? Na mito elfu kumi ya mafuta? Nimtoe mzaliwa wangu wa kwanza kwa kosa langu?

Mmewahi kukaa kikao cha wazee wa ukoo, mke na mume wanasuluhishwa? Mke anasema mbele ya wote: baba watoto, nimekukosea nini, sema hapahapa nisikie. Mume anatazama chini, kisha anawageukia wazee: haya, faini ni kiasi gani? Mbuzi mmoja? Wawili? Kila mtu mle ndani anajua ndoa hiyo ina hali gani.

Na hiyo bei ya mwisho haikuwa mzaha. Ahazi, mmoja wa wafalme wa zama za Mika, alimpitisha mwanawe motoni (2 Wafalme 16:3). Mesha wa Moabu alimtoa mwanawe mrithi juu ya ukuta wa mji vita vilipomzidi (2 Wafalme 3:27). Kwa hiyo bei inapanda kutoka ndama hadi mtoto, na swali liko palepale halijajibiwa.

Hoja yangu ni hiyo tu. Watu hawakushindwa kulipa, walishindwa kujibu. Na tazameni manabii wengine mtaona ni tabia. Isaya 5: ni kitu gani zaidi ningelifanyia shamba langu la mizabibu ambacho sikukifanya? Kimya. Yeremia, aliyeanza kazi mwaka wa 13 wa Yosia, karibu 627 KK: baba zenu waliona ubaya gani kwangu hata wakaenda mbali nami? Sura hiyohiyo ya 2, mstari wa 31: nimekuwa jangwa kwenu? Kimya tena.

Nawasilisha. Karibuni.

#2 Kijana wa Ubungo

Mkuu, nimesoma yote nikiwa kwenye daladala, nimepitilizwa kituo. Hilo la Balaamu sikuwahi kuliona hivyo. Yaani walilindwa hawajui, na kesho yake wakamsaliti aliyewalinda?

#3 MtuWaShamba

Pole kwa kituo, mdogo wangu. Kwa kalenda hatuwezi kusema kesho yake, maandishi hayataji siku. Kwa mpangilio wa kitabu ndiyo: 24 inaisha Balaamu anarudi kwake, 25 inaanza watu wako Shitimu. Wayahudi wameuona uhusiano huo zamani. Sabato ya kusoma fungu la Torati linaloitwa Balaki, somo la manabii linaloambatana nalo linatoka kwa Mika na linaishia hapohapo 6:8. Wao wanayasikia yote mawili katika ibada moja.

#4 Mbishi Halisi

Mleta mada umechangamsha jukwaa, ila umebana mno. Mstari wa 6 na 7 wataalamu wengi wanauona kama swali la mhujaji anayefika mlangoni pa hekalu, na kuhani anamjibu masharti ya kuingia. Linganisha Zaburi 15 na 24. Huyo mtu hajakwepa chochote, ameuliza swali la kawaida la ibada. Pili, wapo wanaosema sura ya 6 na 7 ni za mkono mwingine, baada ya Mika. Sasa hicho kikao chako cha wazee umekitoa wapi?

#5 MtuWaShamba

Mbishi, nilikuwa nakungoja.

Umbo la mlangoni pa hekalu nakubali. Lakini Zaburi 15 inauliza ni nani atakayekaa katika hema yako, na jibu linakwenda moja kwa moja kwenye mwenendo: asemaye kweli, asiyekopesha kwa riba, asiyepokea rushwa. Hakuna anayetaja dau. Mhujaji wa Mika anajipandishia dau mwenyewe, hajaombwa hata ndama. Anakimbia mbele ya muuzaji ambaye hajataja bei.

Kingine ambacho naona watu wanakiruka: Mungu amesema nao ana kwa ana, nimekutenda nini, nijibu. Anayejibu anasema "nimkaribie Bwana na nini". Anamzungumzia aliyemuuliza kana kwamba hayumo chumbani.

Kuhusu mkono wa pili, hoja yangu haianguki. Hata kama mpangaji alikuja baadaye, ndiye aliyeamua swali la mhujaji likae mara tu baada ya swali la Mungu. Angeweza kuliweka popote.

#6 Ustadhi wa Bara

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu, nachangia kwa adabu na naomba nisieleweke vibaya.

Tatizo langu linaanza kabla ya hapo mlipofika. Mwenyezi Mungu ni Mkwasi, hahitaji kitu kwa waja. Anayehuzunika amepungukiwa. Vipi mnasema Mungu anaumia kwa kuachwa, kama mtu aliyekimbiwa na mkewe? Hata hivyo nitakuwa mkweli. Katika Surat Yaasin, ambayo huku kwetu tunaisoma usiku wa kuamkia Ijumaa, aya ya 30 kuna tamko la masikitiko juu ya waja, kwamba hawajiwi na mtume ila humfanyia kejeli. Wafasiri wamejadili masikitiko hayo ni ya nani, na wako waliosema ni majuto ya waja wenyewe watakapoiona adhabu. Ninyi haya ya Mika mnayaweka kwa nani?

#7 MtuWaShamba

Wa alaykum salaam Ustadhi. Umeleta swali zito kuliko uzi wenyewe.

Upande wako una watu hata ndani ya Uyahudi. Musa bin Maimun, yule tabibu aliyefariki Misri mwaka 1204 na kuandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu, angekaa na wewe mkeka mmoja. Kwake Torati husema kwa lugha ya wanadamu ili wanadamu wafike, na Mungu hapandwi na hasira wala kushukwa na huzuni.

Maandiko yenyewe yanavuta huku na huku. Fungua 1 Samweli 15. Mstari wa 11 Mungu anasema anajuta kumfanya Sauli mfalme. Mstari wa 29 Samweli anamwambia Sauli kwamba yeye aliye nguvu za Israeli hajuti, kwa kuwa si mwanadamu. Mstari wa 35 tunaambiwa tena Bwana alijuta. Sura moja. Aliyeiandika hakuwa mjinga, aliyaacha yote yakae.

Halafu kuna marabi walioandika midrashi, yaani mafafanuzi yenye visa, juu ya kitabu cha Maombolezo. Wanasimulia kwamba hekalu lilipoharibiwa Mungu alilia, na malaika mkuu akamwangukia: mimi nitalia, wewe usilie. Akajibiwa: usiponiacha nilie hapa, nitaingia mahali ambapo huna ruhusa ya kuingia nilie huko. Wameegemeza hilo kwenye Yeremia 13:17, nafsi yangu italia mahali pa siri. Hadithi yenye ujasiri mkubwa, na angalia malaika anavyosema kama wewe Ustadhi: jambo hili halikufai.

Mimi nimeegemea kwa marabi hao. Sababu ni Mika. Kama hakuna anayeumia, basi "nimewachosha kwa lipi" ni mchezo wa jukwaani, na milima imeitwa kutazama maigizo. Ila sikulaumu kusimama uliposimama. Unalinda kitu cha kweli: Mungu anayebembeleza kwa sababu ana njaa ya sadaka ni mungu mdogo. Zaburi 50 inamcheka mungu wa namna hiyo: ningekuwa na njaa nisingekuambia wewe.

#8 Ustadhi wa Bara

Hiyo ya Zaburi nimeipenda. Ya malaika bado naitafuna. Tuendelee.

#9 Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Nawashangaa Wakatoliki mlioko humu mnakaa kimya, maneno haya si mnayasikia kila Ijumaa Kuu? Wakati wa kuabudu Msalaba kuna wimbo wa zamani sana, Kristo anaongea kutoka msalabani: taifa langu, nimekutenda nini, nimekuhuzunisha kwa lipi, nijibu. Nilikutoa Misri, wewe umemwandalia Mkombozi wako msalaba. Kwa Kilatini unaanza "Popule meus". Umetoka hapohapo Mika 6:3. Miaka yote niliyofundisha kwaya, huo ndio wimbo ambao watu hawakohoi.

#10 MtuWaShamba

Asante mzee wangu, nilitegemea utafika. Niongeze moja, maana humu kuna vijana. Wimbo huo ukiimbwa na Mkristo kama swali linalomuulizwa yeye, uko sawa na Mika. Ukiimbwa kama kidole kwa Wayahudi, umegeuka sumu, na historia ya Ulaya ya Zama za Kati inaonyesha Juma Takatifu lilivyokuwa msimu wa hatari kwao. Mika alikuwa Myahuda akiwasemesha Wayahuda, nyumba kwa nyumba. Hakuwapa jirani fimbo.

#11 Katekista Mstaafu

Kweli kabisa. Ndiyo maana huwa nawaambia wanakwaya: anayeulizwa ni sisi tuliosimama kwenye mstari wa kubusu msalaba.

#12 Mama Wawili

Nimesoma kimya tangu post ya kwanza, sasa niseme langu na msinirushie mawe.

Mnaongea kuhusu mume mwema aliyeumizwa. Sawa. Ila mbona mnakaa Mika tu? Fungueni Hosea 2. Huyo mume mwenye huzuni anawaambia watoto wamshtaki mama yao, la sivyo atamvua nguo amweke uchi, amfanye kama jangwa, amuue kwa kiu. Ezekieli 16 ni mbaya zaidi, sitaki hata kuinukuu. Mimi nimekaa na wanawake waliopigwa na kisha kuambiwa "ninakupiga kwa sababu nakupenda, wewe ndiye umeniumiza". Hayo maneno nayajua yanavyosikika. Mtu anilie machozi halafu anitishe kwa sauti ileile?

Na Gomeri binti Diblaimu, kwenye kitabu chote, hasemi neno hata moja. Ametolewa, ameolewa, amezaa, watoto wamepewa majina ya mashtaka. Lo-ruhama, asiyehurumiwa! Nani anamwita binti yake hivyo? Mnalalamika watu hawakumjibu Mungu. Gomeri aliulizwa lini?

#13 Mbishi Halisi

Dada umetua. Sina la kubisha leo, andikeni tarehe.

#14 MtuWaShamba

Dada Mama Wawili, nimeiacha post yako usiku kucha kabla ya kujibu.

Sitasema kwamba ni mfano tu wa kishairi. Mfano huchukuliwa kutoka mahali, na Hosea aliuchukua kutoka nyumba za zama zake, ambako mume alikuwa na nguvu hizo na mke hakuwa na pa kusemea. Mhubiri akisimama leo na Hosea 2 mbele ya usharika wenye wanawake wa aina uliyowataja, asome bila kusema hilo, anafanya kosa.

Swali lako la mwisho ndilo limenifanya nione kwa nini Mika ananishika kuliko Hosea 2. Katika Hosea 2 watoto wanaambiwa mshtakini mama yenu, naye yuko nje ya mlango. Katika Mika anayelalamika anasema nishtakini mimi. Mmoja anazungumza juu ya aliyekosa, mwingine anamwachia nafasi ya kuzungumza. Hiyo tofauti si ndogo. Mwenye kumpiga mkewe hamuulizi "nimekukosea nini" mbele ya mashahidi akasubiri jibu, kwa sababu jibu lipo.

Ila kwa haki, Hosea mwenyewe hakuishia hapo. Sura hiyohiyo, mstari wa 14 na 15, kitisho kinakatika ghafla: nitamvuta, nitampeleka jangwani, nitasema naye moyoni, naye ataitikia huko kama siku za ujana wake. Ndiyo sehemu pekee katika sura hiyo mama huyo anapoahidiwa sauti. Inakuja imechelewa, nakubali.

Na sura ya 11 anaacha kabisa habari za mume, anakuwa mzazi. Nilimfundisha Efraimu (yaani Israeli ya kaskazini) kutembea, nikamshika mikono, nikamwinamia nikamlisha. Hosea anasema haya kaskazini inapovunjika: baada ya Yeroboamu wa pili, Zekaria anatawala miezi sita anauawa, Shalumu mwezi mmoja anauawa, Menahemu anamlipa mfalme wa Ashuru talanta 1,000 za fedha akizikamua kwa matajiri, shekeli 50 kila kichwa. Taifa linakimbia Misri leo, Ashuru kesho, kama njiwa asiye na akili, maneno ya Hosea mwenyewe. Katikati ya fujo hiyo sauti inasema: nikuacheje, Efraimu? Nikufanyeje kama Adma na Seboimu? Hiyo ni miji iliyoteketea pamoja na Sodoma.

#15 Mbishi Halisi

Nimerudi, kubisha kumenishinda kuacha. Hapo Hosea 11 kuna kitu hamjakitaja. Kumbukumbu la Torati 21:18-21 ina sheria ya mwana mkaidi. Wazazi wake wanamshika, wanamleta kwa wazee langoni, wanasema huyu mwana wetu ni mwasi, na watu wa mji wanampiga mawe. Hosea 11 ina kila kitu cha kesi hiyo: mwana, uasi, mzazi mwenye ushahidi. Mzazi amefika mpaka langoni, amegeuka nyuma. Na sababu anayoitoa ni "mimi ni Mungu, si mwanadamu". Ustadhi hapo juu alisema Mungu hahuzuniki, na Samweli alisema hajuti kwa kuwa si mwanadamu. Hosea anasema kwa kuwa si mwanadamu, ndiyo maana hakuweza kumtoa mtoto.

Halafu Yeremia 3:1. Kumbukumbu 24 inakataza mume kumrudia mke aliyemwacha akaolewa na mwingine. Yeremia anaitaja sheria hiyo waziwazi, anauliza nchi haitatiwa unajisi? Mistari michache mbele: rudi, Israeli uliyeasi, sitakutazama kwa hasira. Kwa hiyo mara mbili anayelalamika anasogea upande wa pili wa sheria yake mwenyewe.

#16 Ustadhi wa Bara

Mbishi, hiyo ya "si mwanadamu" umenipiga nayo vizuri. Nitamuuliza mwalimu wangu atanijibu nini.

#17 Kijana wa Ubungo

Wakubwa, swali la kitoto. Hivi katika historia yote hiyo kuna hata mmoja aliyesikia? Maana Samaria ilianguka, Yerusalemu nao ukaanguka 586 KK. Mika alipoteza muda?

#18 MtuWaShamba

Si la kitoto hata kidogo. Fungua Yeremia 26.

Ni mwanzo wa utawala wa Yehoyakimu, 609 KK au baadaye kidogo. Yeremia amesimama uani mwa hekalu akasema nyumba hii itakuwa kama Shilo, mahali patakatifu pa zamani palipoharibiwa. Makuhani na manabii wamemkamata, wanataka auawe. Hapo wanainuka baadhi ya wazee wa nchi na kusema: Mika Mmorashti alitabiri siku za Hezekia kwamba Sayuni utalimwa kama shamba. Je, Hezekia alimuua? Hakumcha Bwana, akamsihi, Bwana akaughairi ule uovu? Maneno hayo ni Mika 3:12, yametunzwa vichwani mwa watu wa vijijini karibu miaka mia moja. Katika vitabu vya manabii, ni mara pekee nabii mmoja ananukuliwa kwa jina ndani ya kitabu cha mwingine. Yeremia akapona.

Wakati huohuo kulikuwa na nabii mwingine, Uria mwana wa Shemaya, aliyesema maneno kama ya Yeremia. Alikimbilia Misri, Yehoyakimu akatuma watu wakamrudisha, akauawa kwa upanga na maiti yake ikatupwa kwenye makaburi ya watu wa kawaida. Sura inayataja yote mawili, moja baada ya jingine, haitoi maelezo kwa nini huyu alipona na yule hakupona. Inasema tu kwamba mkono wa Ahikamu mwana wa Shafani ulikuwa pamoja na Yeremia.

#19 Mama Wawili

Nasoma sasa hivi. Huyu Shafani ndiye yule mwandishi aliyemsomea Yosia kitabu cha torati kilichookotwa hekaluni?

#20 MtuWaShamba

Ndiye, 2 Wafalme 22. Na Ahikamu huyuhuyu alikuwa kwenye ujumbe uliotumwa kwa Hulda nabii mke. Mwanawe Gedalia ndiye Wababeli walimweka kuwa liwali baada ya Yerusalemu kuanguka, akauawa. Familia hiyo inastahili uzi wake, nitaufungua wiki ijayo nikimaliza kupalilia.